Saa Tatu, Walukuba

Kazi yangu ni kuuza dakika.
Kumi na tano, shilingi mia tano,
naziandika kwa kalamu nyekundu katika daftari la Hajati Nangobi,
mwenye chumba, mwenye kompyuta tisa,
mbili maiti, na moja isiyo na herufi R.

Watoto wa kambi ya jeshi hutoka shule wakaingia moja kwa moja:
jasho, vumbi, mafuta ya muhogo kwenye kibodi.
Mama zao hunisalimia kwa nusu mdomo.
"Unatufugia wahuni," aliniambia mke wa koplo,
kisha akamlipia mwanawe nusu saa
apate kusukwa kwa amani.

Mkorea aliingia mwezi wa mvua.
Noh, fundi wa mashine kiwanda cha nguo,
Kiswahili chake cha karakana: leta, kaza, bado, haraka.
Akakalia kiti cha Isabirye, hajui kuwa kiti kina mwenyewe.
Miaka hamsini na minane, na kipanya kinamtoroka mkononi.
Isabirye, wa darasa la sita, akamfundisha:
kidole hapa, mzee. Usikimbie ovyo.
Jifiche kwanza, piga baadaye.

Polepole, neno kwa neno, akatusimulia.
Kwao kila mtaa una chumba kama hiki,
ila viti ni vya ngozi,
na tambi za moto huletwa mpaka ulipo.
Kwao mchezaji ana jezi, ana kocha, ana daktari wa viganja,
na watu hujaza ukumbi kutazama vidole vya mtu.
Chumba kikanyamaza.
Isabirye alivitazama vidole vyake, vina udongo kuchani,
kama mtu aliyeambiwa ana shamba mahali.

Ana mwana, Tae-yul, yuko Busan.
Aliacha chuo akafuata mchezo.
Baba akaukata waya wa kompyuta kwa koleo.
Koleo hilihili, akatuonyesha, lenye mpini wa buluu.
Mwaka wa nne huu hawajasemezana.

Nikamwuliza, huko sasa saa ngapi?
Akanionyesha simu: tatu.
Nikacheka.
Saa ya ukutani ya Hajati inasema tisa,
kinywa changu kinasema tatu,
na Busan, usiku wake umeshaanza kuchakaa,
nayo inasema tatu.
Bahari yote ile, na namba ni moja.

Basi kila saa tatu alikuja, akalipa, akauawa.
Mwana aliona jina geni tu,
mchezaji mbovu anayemfuata kila ramani
kama mtoto anayefuata harusi isiyo yao.
Mara kumi na moja kwa usiku mmoja.
"Amenipiga!" anasema Noh, meno yote nje.
"Yuko macho. Mzima."
Namwandikia elfu mbili nyingine.

Jumatano ile kijana alisimama mbele yake, asipige.
Silaha chini.
Wakazungukana kama kuku wawili wageni.
Pembeni mwa kioo pakatokea maandishi,
na umeme ukakatika.

Bwawa lenyewe liko hapo tu,
upepo ukikaa kimya unasikia mto ukisaga mitambo,
unawasha miji ya watu.
Sisi giza.

Noh hakuondoa mkono kwenye kipanya.
Tulisubiri. Mbu walikuja, jirani akawasha jenereta ya saluni,
Isabirye akauliza, "Mzee, amesema nini?"
Akauliza tena.
Kwenye giza nilisikia koleo likifunguka na kufumba,
kufunguka na kufumba.

Nilikuwa nimeyaona.
Nikawasha tochi ya simu, nikayachora kabla hayajanitoka,
kwenye mstari wake wa daftari, pale zinapokaa dakika:
duara, na kijiti chenye mwiba;
ndoo mbili zimebanana, na kijiti chenye mwiba;
mwisho alama ya kuuliza.
Hiyo naijua.